Mbuzi wa Radhi

Mbuzi wa kuombea radhi alifungwa mlangoni kwetu kabla mtu yeyote hajaniuliza kama nimekosa.

Alikuwa beberu mweupe, mweupe hasa, hana doa hata sikioni, maana wazee walisema mbuzi wa jambo kama hili asiwe na doa. Aliyemleta ni Ami Athmani, ndugu wa marehemu baba yangu. Alimfunga ugwe kwenye nguzo ya kibaraza, akamtupia majani, kisha akaniambia bila kunitazama:

"Jumamosi tunavuka kwenda Kismayo. Utavaa vizuri, utasema maneno mafupi, na jambo litakwisha."

"Maneno gani, Ami?"

"Yale wasemayo wachu waliokosa."

"Nimekosa nini?"

"Twahira, ndoo ule!" mama akaniita jikoni nikale. Mama yangu, Barke, huwa hivyo. Akisikia ugomvi unapanda, anapakua chakula.

Niwaeleze huyo mbuzi alikuwa wa nini. Wasomali wa mjini wana desturi wanayoiita haal. Ukimvunjia mtu heshima, unamwendea na wazee wako na mbuzi au sukari, unasema mbele ya watu kwamba umekosa, mbuzi anachinjwa, wote wanakula. Nyama ikishaliwa, shauri halifufuliwi. Sisi Wabajuni wa visiwani tumeishi nao muda mrefu hata desturi hiyo imekuwa yetu pia. Ni desturi nzuri, imezuia damu nyingi. Lakini anayetoa haal amekubali kwamba kosa ni lake. Hakuna haal ya nusu.

Na aliyeitaka kwangu ni Abdirahim, mwenye gati, aliyekuwa bosi wangu. Alitaka niseme mbele ya watu kwamba taarifa niliyoitilia jina langu juu ya gati lake ni uongo. Wakaguzi wa serikali walikuwa wanakuja wiki inayofuata. Nyama ile ikiliwa, wangekuta shauri nalo limeliwa.

*

Nilisomea mambo ya meli na mizigo Mombasa. Ada yangu ilitoka mikononi mwa Ami Athmani, fundi wa mashua, aliyenilea tangu baba alipofariki. Nilipopata stashahada nilirudi na kuajiriwa na Abdirahim. Watu walikuja kutazama: msichana wa Kibajuni gatini, kofia ngumu juu ya mtandio. Abdirahim mwenyewe hakuwa na maneno mabaya. Aliniita walaal, dada, akiagiza chai aliniagizia na mimi, na kicheko chake kilifika ofisini kabla yake.

Gati lake liko nje ya mji, upande wa kusini, mbali na bandari kubwa. Meli ndogo za mizigo hufunga hapo zikiwa na saruji, mchele na mabati. Sasa, meli inayotembea inajichafua. Injini inatema mafuta machafu, tope jeusi zito. Jikoni kunatoka taka. Vyoo ni vyoo. Kuvimwaga baharini hairuhusiwi, kwa hiyo gati linalopokea meli linatakiwa liwe na mahali pa kupokelea uchafu wake: tangi, gari la kuubeba, mtu wa kuushughulikia.

Gati la Abdirahim lilikuwa na muhuri.

Nahodha akiuliza, aliambiwa ateremshe mapipa yake. Abdirahim aligonga muhuri kwenye stakabadhi iliyosema kwamba uchafu umepokewa kwa kanuni, nahodha akaondoka anatabasamu, na mapipa yakapakiwa kwenye mashua iliyoelekea visiwani. Nilipouliza yanakwenda wapi, nilijibiwa, "Yana mwenyewe."

Mwenyewe, kumbe, alikuwa ami yangu.

Kwetu Chovai, mashua ikimalizika, tumbo lake hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya maini ya papa. Hupakwa kwa kiganja, si kwa brashi, kwa sababu kiganja ndicho kinachohisi mwanya kati ya mbao na mbao. Deheni nzuri huwazuia wadudu wa baharini wasitoboe mashua. Inanuka, ndiyo. Utoto wangu wote unanuka hivyo, na siku hizi nikiisikia harufu ile machozi hunilengalenga.

Lakini papa wamepungua, na mafuta ya maini yake yamekuwa adimu kama manukato ya bibi harusi. Basi mashua ya Abdirahim ilipoleta mapipa ya kitu cheusi, kizito, kinachonata kuliko mafuta ya papa, kisichooshwa na maji, tena cha bure, fundi gani angekataa? Ami alikichanganya na chokaa, akapaka. Mbao ziling'aa. Wadudu hawakusogea. Mafundi wa visiwa vya Ngumi na Kudha walisikia wakaja na makopo yao kuchota. Msikitini, baada ya sala, Abdirahim aliombewa dua.

Mtu wa bara angeliona tope lile angelikimbia. Sisi tuliona deheni.

*

Mama hufuga kamba mawe. Sivyo kufuga hasa. Wavuvi wanamletea walio hai, yeye anawatia ndani ya matenga makubwa na kuyazamisha kwenye maji ya kina kifupi pale zinapolala mashua, mpaka mnunuzi aje kutoka Kismayo. Kamba aliye hai ana bei. Aliyekufa ni mchuzi wa nyumbani.

Nilikuja likizo ya Idi nikakuta tunakula mchuzi wa kamba kila siku. Siku ya kwanza nilifurahi.

Mnunuzi, Zamzam, alikuja na boti yake asubuhi moja nikiwepo. Ni mwanamke wa mjini, mwenye miwani ya jua na ulimi. Alimwinua kamba mmoja kutoka kwenye tenga, akamnusa, akamsogeza mbali kama mtoto aliyejikojolea.

"Barke, hawa umewanywesha dizeli?"

"Nimewanywesha chai," mama akamjibu. "Ya maziwa."

"Basi chai yako ina moto. Huyu amekufa, huyu amekufa, na huyu ananitazama kama anayetoa wasia." Alimrudisha. "Wateja wangu watanitapikia, dada. Siwezi."

Boti yake ilipoondoka, mama alikaa juu ya tenga tupu. Alisema ni joto. Kisha akasema ni jicho la watu. Mimi nilimchukua yule kamba nikamnusa, na harufu ile niliijua. Ndiyo inayokaa kwenye viatu vyangu vya kazi. Niliingia majini na nguo zangu, nikaenda hadi kwenye mashua mpya ya Ami iliyofungwa hatua chache kutoka kwenye matenga. Jua lilikuwa limeiva. Kuizunguka mashua yote maji yalikuwa na utando wenye rangi za upinde wa mvua, mzuri kweli, unatembea taratibu kuelekea kwa kamba wa mama.

Nilimkuta Ami uwanjani kwake, amepiga magoti chini ya mashua nyingine, anapaka.

"Ami, hii si deheni."

"Ni nini, uji?"

"Ni uchafu wa injini za meli. Ndio unaoua kamba wa mama."

Alicheka bila kusimamisha mkono. "Nimekusomesha Mombasa uje uniambie kwamba kinachonata hakinati?"

"Kinanata. Kinanata mpaka ndani ya nyama ya kamba."

"Kamba hufa. Joto hili."

"Joto halinuki dizeli."

Hapo alisimamisha mkono. Akanigeukia, akaninyooshea kiganja. Kilikuwa cheusi mpaka chini ya kucha, na ngozi ya vidole imepasukapasuka kama tope lililokauka.

"Basi nipe mafuta ya papa," alisema. "Nipe papa, Twahira. Ukinipa papa, yeo hii nazikwangua mashua zote."

Sikuwa na papa. Nilirudi Kismayo nikamwambia Abdirahim ajenge tangi. Alicheka kile kicheko chake.

"Walaal, ami yako ananiombea dua. Wewe unanilaumu?"

*

Meli iliyofuata ilikuwa ya Nahodha Abubakar, mtu wa Mombasa, mfupi, mwenye kanzu iliyowahi kuwa nyeupe na meli iliyowahi kuwa ya buluu. Abdirahim alikuwa mjini. Nahodha alinifuata gatini.

"Mwanangu, nina mapipa ya mafuta machafu. Mtayapokea?"

"Utapewa stakabadhi."

"Sikuuliza stakabadhi. Nimeuliza mtayapokea."

Ningeweza kusema ndiyo. Kila mtu pale husema ndiyo.

"Hapana," nikasema. "Hapa hakuna mahali pa kuyapokea. Yatapelekwa kwetu kisiwani, yatapakwa kwenye mashua, yatashuka majini, na mama yangu atapika tena mchuzi."

"Jibu hilo ni refu kuliko nilivyotarajia."

"Na bado sijamaliza."

Alikaa juu ya gogo la kufungia meli, akaniambia jambo ambalo darasani nililisikia mara moja tu, likapita. Nahodha akifika mahali pasipo na pa kupokelea uchafu wa meli yake, anaweza kutuma taarifa: nilifika gati fulani, nikiwa na uchafu wa namna fulani, hawakuwa na pa kuuweka. Taarifa inakwenda kwa nchi ambayo meli imeandikishwa. Nchi hiyo inaiuliza nchi yenye gati. Na nchi ikishaulizwa rasmi na wenzake, aibu inaiingia, inatuma watu waje kutazama.

"Umeshawahi kuituma?" nikamuuliza.

"Mimi? Nataka nirudi tena na saruji yangu, mwanangu. Nahodha mwenye malalamiko hukosa mzigo."

"Basi chukua stakabadhi yako ya uongo. Itie kwenye fremu, itundike chumbani."

"Nyinyi Wabajuni mna mdomo!"

"Tunao. Ungekuwa na mama wa kula mchuzi ule ungekuwa nao na wewe."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha hakucheka tena. Alitazama mapipa yake pale sitahani, akatazama bahari upande wa visiwa.

"Nikiandika peke yangu," alisema, "watasema nahodha wa Mombasa amekorofishana na mwenye gati. Nahitaji mtu wa hapa aseme: ndiyo, hakuna mahali, na nimeona kwa macho yangu yanakokwenda. Jina lake litaonekana. Litasomwa na watu wasiompenda. Fikiri kwanza, rudi jioni."

"Twahira binti Adnani, wa Chovai," nikasema. "Andika. Na usikosee Chovai."

Alituma ile taarifa, pamoja na picha nilizopiga: mapipa gatini, mapipa kwenye mashua, mapipa uwanjani kwa Ami, kamba mfu mkononi mwa mama. Kisha akaondoka na uchafu wake wote ndani ya meli, akaenda kuutafutia pa kuushusha kwingine. Abdirahim aliporudi na muhuri wake hakukuta wa kumgongea.

*

Siku aliponiita ofisini hakuwa na kicheko. Alinisomea jina langu kutoka kwenye simu yake, polepole, kama anayesoma tangazo la msiba.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilikulisha."

"Uliniajiri. Chakula nilinunua mwenyewe."

"Ungekuja kwangu kwanza."

"Nilikuja. Ulicheka."

Alinifukuza kazi, na hilo nililitarajia. Sikutarajia lililofuata. Alitangaza kwamba boti za Chovai hazitafunga tena gatini kwake wala kupata barafu yake, mpaka binti yao amrudishie heshima. Mji una magati mengine, lakini ni mbali na barafu, na huko kisiwa kidogo husubiri foleni mpaka samaki wafumbe macho. Boti zetu zikaanza kushusha ufukweni, watu wakibeba samaki mabegani kupita kwenye mawimbi, na samaki waliofika sokoni wamelegea walirudi nasi nyumbani.

Nilirudi Chovai nikaikuta habari imenitangulia. Umi, jirani yetu, ambaye hutuma samaki mjini na ndiye aliyenisuka nywele utoto wangu wote, alinisubiri kisimani mbele ya wanawake.

"Ehe, msomi," alisema. "Samaki wangu wameoza. Nitafsirie, wameoza kwa lugha gani?"

"Kwa lugha ya Abdirahim."

"Abdirahim hakuwaozesha mpaka wewe ulipofungua kinywa!"

Wanawake walicheka, na mmoja akaongeza kwamba diploma yangu itiwe chumvi ikaushwe, labda itanunuliwa. Niliteka maji yangu. Nisiwadanganye kwamba hayakuniuma. Umi ana watoto sita na hakusema uongo: samaki wake walioza kwa sababu yangu. Nilibeba hilo pamoja na ndoo. Lakini nilikuwa nimemwona yule kamba. Mafuta yale yangefika kwa samaki wa Umi pia, taratibu, bila kumwambia mtu, na siku hiyo kusingekuwa na binti wa kumlaumu.

Hapo ndipo Ami alipoleta mbuzi.

*

Asubuhi ya Jumamosi mama alinipa mkate wa kumimina na chai.

"Sikuambii useme, sikuambii usiseme," alisema. "Nakuambia ushibe. Mchu mwenye njaa hukubali lolote."

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri kwa mashua mpya ya Ami, ile niliyoiendea majini. Alikuwa ameipaka upya nje na ndani mpaka kwenye kingo, ili ifike Kismayo iking'aa. Ami alishika usukani akitazama mbele. Mama alifumba macho na tasbihi yake. Mbuzi alifungwa katikati.

Kufikia saa nne jua lilikuwa linachoma, injini inatetemesha mbao, na deheni ile ya Abdirahim ikaanza kulainika. Mbuzi hakuipenda bahari. Kila wimbi lilipotupiga alijibana ubavuni mwa mashua, akajisugua, akageuka, akajisugua na upande wa pili. Halafu alijitazama, akaona si mbuzi yule aliyetoka nyumbani, akaanza kujilamba.

Nilimwona. Sikumsukuma, wala sikumvuta.

Tulipofika ufukweni karibu na gati, Ami alimteremsha na ndipo alipomtazama. Maskini Ami. Alimtia kwenye maji ya chumvi akamsugua kwa mchanga. Akamsugua kwa sabuni ya kipande aliyoiazima kwa wachukuzi. Doa lilitanuka. Mbuzi mweupe aliyekuwa na madoa meusi akawa mbuzi wa kijivu mzima, na kidevu cheusi kama aliyepaka hina nyeusi.

"Haitoki," Ami alisema, anahema.

"Si ndivyo ulivyoisifu?" nikamwambia. "Haioshwi na maji."

Alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, kisha akauvuta ugwe, tukaenda.

Uani kwa Abdirahim mikeka ilikuwa imetandikwa. Wazee walikaa upande mmoja, na katikati yao Mzee Abdulrazaq, Mbajuni wa Kismayo anayesuluhisha kesi za watu wetu na Wasomali. Chai ya iliki ilikuwa inazunguka. Wanawake walikaa karibu na mlango, mama kati yao, bado amefumba macho na tasbihi yake. Zamzam alikuwepo, na miwani yake. Sufuria la pilau lilikuwa jikoni, linasubiri nyama tu. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mimi.

Mbuzi akaingizwa. Alipiga chafya.

Abdirahim alisimama kumpokea, kama inavyopasa, akanyoosha mkono ampapase kichwa. Mkono ukaishia hewani.

"Huyu ana nini?"

"Amejipaka kidogo safarini," Ami akasema.

"Mwosheni, achinjwe," Mzee Abdulrazaq akasema haraka. "Ngozi hutupwa, nyama i ndani."

Mchinjaji akaja na kisu. Alimshika mbuzi pembe, akamfungua kinywa, akainusa mikono yake mwenyewe, akarudi nyuma.

"Adeer," alimwambia mzee kwa heshima, "huyu ameilamba. Ulimi wote mweusi. Mimi kuchinja nitachinja, lakini kula sili."

Minong'ono ikapita kwenye mikeka. Abdirahim alipandwa na damu usoni.

"Mnataka niwalishe wageni wangu kitu hiki? Wakifa uani kwangu?"

Sikuwa nimeruhusiwa kusema. Nilisema.

"Kwani kina madhara, bosi?"

"Nyamaza wewe!" Akamgeukia Ami. "Athmani! Umempaka nini mbuzi wangu?"

Wazee wote walimtazama Ami. Ami alisimama pale na ugwe mkononi, mtu aliyejenga nusu ya mashua za visiwa vyetu, aliyekuja kuinamisha kichwa ili watu wake wapate barafu. Aliutazama mkono wake. Weusi ule wa kwenye kiganja na weusi wa ubavuni mwa mbuzi ulikuwa mmoja.

"Deheni," alisema. "Ile unayonipa."

"Ile ninayokupa ni ya mashua! Si ya kuliwa!"

"Kamba wa shemeji yangu hawakuambiwa hivyo."

Mama alifumbua macho. Zamzam alivua miwani yake. Mbuzi alipiga chafya tena.

Mzee Abdulrazaq alipiga kofi hafifu kwenye mkeka. Ameshaona kesi nyingi zikitaka kumponyoka, na anajua kuzikamata.

"Mbuzi tumuache. Haal si lazima mbuzi. Ipo sukari, ipo chai. Binti aseme neno lake, tunywe, tuagane. Sema kwa Kisomali, mwanangu, wote wasikie."

Abdirahim aliketi, akajipangusa uso, akalegeza sauti mpaka ikawa ile ya zamani, ya kuniagizia chai.

"Walaal. Neno moja tu. Sema ulikosea. Kesho boti zenu zinafunga, barafu mnachukua, na kiti chako ofisini sijampa mtu."

Nilimwamini, na ubaya ulikuwa hapo. Najua angetimiza. Nilimfikiria Umi na ndoo zake za samaki. Nilimfikiria Ami, ambaye angeweza kurudi Chovai akiwa amekomboa kisiwa. Neno lenyewe ni jepesi, halina hata mfupa. Lakini Jumatatu wakaguzi wangefika, wangeambiwa msichana amekanusha mwenyewe na watu wamekula na kunywa juu yake, wangepewa chai na wao, na mashua ya mapipa ingeng'oa nanga kabla hawajafika barabara kuu.

Nikasema kwa Kibajuni. Kisomali ninakisema vizuri, lakini aliyefanyiwa jambo hili ana lugha yake, na Abdirahim amekua kando yetu, anaisikia yote.

Nilisema: "Nimeona mapipa yakishuka. Nimeona yakipakiwa. Nimeona yanakokwenda. Gati hili halina mahali pa kuweka uchafu wa meli, na karatasi inayosema uchafu umepokewa ni ya uongo. Hayo ndiyo niliyoyatilia jina langu. Jengeni tangi, Abdirahim, na siku hiyo nitaleta mbuzi mimi, msafi, tule wote tufurahi. Huyu wa yeo, wachu wako wamekataa kumla. Sisi tumekula kamba waliochafuka kama yeye mwaka mzima."

"Athmani!" Mzee Abdulrazaq akasema. "Mwambie mwanao!"

Ami alikuwa ameshaanza kuukunja ugwe mkononi mwake. Alifanya kazi hiyo taratibu, kama fundi.

"Muulizeni mwenyewe," alisema. "Nilimsomesha. Ana mdomo."

Akamvuta mbuzi wake, akatoka.

*

Wakaguzi walikuja. Walipiga picha gatini, wakaja mpaka Chovai, wakanusa wanachopaswa kunusa, wakaandika, wakaondoka. Watakachofanya sikijui. Gati bado limefungwa kwetu. Samaki bado wanashushwa ufukweni kwa mabega, na Umi bado hunisalimu kwa nusu ya mdomo. Ami anazikwangua mashua zake, moja baada ya nyingine, kwa kipande cha bati, na yale anayoyakwangua anayatia kwenye mapipa yaleyale. Uwanja mzima unanuka. Hajasema kwamba nilikuwa na haki, na sidhani atasema. Hunitumia salamu kupitia kwa mama. Mbuzi yu hai. Manyoya yanaota upya, meupe kwenye mizizi.

Watu wazuri, watu ninaowapenda, huja kibarazani kuniambia kwamba haijachelewa. Niende tu. Nitafute neno moja laini, Abdirahim si mtu mbaya, atalipokea, kisiwa kitapumua.

Neno hilo nalijua kwa Kibajuni. Nalijua kwa Kisomali, na kwa Kiswahili cha shule nimelifanyia mtihani. Sitalisema kwa lugha yoyote. Siombi radhi.